Damu ya Mtoto Hubadilika: Kwa Nini Selimundu Hujificha Miezi ya Kwanza



Yapo mambo yanayojirudia katika familia nyingi. Mtoto amezaliwa mzima, ananyonya vizuri, na kila akipelekwa kliniki uzito umeongezeka. Anapofika miezi sita au minane, viganja na nyayo zinavimba, analia akiguswa, na macho yanakuwa ya manjano. Damu inapungua, anaongezewa hospitalini, na baada ya muda inapungua tena. Hapo ndipo maneno huanza: mtoto alikuwa mzima, nani amemtazama vibaya? Mama hulaumiwa, shangazi au jirani husingiziwa, na wakati wote huo mtoto hapati matibabu yanayomfaa.

Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni selimundu, ambao wengi wetu huuita sikoseli. Mtoto huzaliwa nao, ila miezi ya kwanza hauonekani. Katika toleo hili tutaeleza kwa nini. Sababu imo katika kundi la jeni lenye jina geni masikioni mwetu, yaani jeni za vidole vya zinki. Tukizielewa tutajua kwa nini mtoto huanza kuugua baadaye, kwa nini mgonjwa mmoja huumwa kuliko mwingine, na kwa nini kuna dawa inayosaidia.

DAMU HUTENGENEZWA WAPI?

Damu haitokani na chakula moja kwa moja. Chakula huleta vifaa tu. Kiwanda chenyewe kimo ndani ya mifupa, katika ule ute laini uitwao uloto. Mtoto akiwa bado tumboni, kazi hiyo kwa kipindi kirefu hufanywa na ini lake, kisha polepole huhamia kwenye mifupa.

Ndani ya uloto kuna seli mama, ambazo wataalamu huziita seli shina. Seli shina moja inaweza kuzaa chembe za damu za kila aina: chembe nyekundu zinazobeba hewa ya oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa, na chembe sahani zinazogandisha damu tunapojikata. Mtu mzima hutengeneza chembe nyekundu zipatazo milioni mbili kila sekunde. Chembe nyekundu yenye afya huishi siku 120 hivi.

Je, seli shina hujuaje kwamba leo izae chembe nyekundu na si nyeupe? Huamriwa na jeni.

VIDOLE VYA ZINKI NI NINI?

Jeni ni maagizo tunayorithi kutoka kwa baba na mama. Maagizo hayo yameandikwa katika uzi mwembamba mno uliokunjwa ndani ya kila seli. Seli zote za mwili zina maagizo yale yale, lakini kila seli husoma sehemu inayoihusu tu. Seli ya jicho haisomi maagizo ya kutengeneza damu.

Wanaojua mashamba ya mkonge ya wilaya yetu ya Kilosa wataelewa kwa mfano huu. Shambani wapo wakataji wengi, lakini nyapara ndiye anayepita mstari kwa mstari akisema hapa kata, pale acha. Ndivyo ilivyo katika seli. Jeni nyingi ni za wafanyakazi, na chache ni za manyapara. Jeni ya nyapara hutengeneza protini ambayo kazi yake ni kupapasa ule uzi, kutafuta mahali panapotakiwa, na kuwasha au kuzima jeni nyingine.

Nyapara huyo hupapasa kwa vidole. Protini yake ina mikunjo midogo iliyochomoza, na katika kila mkunjo kuna chembe moja ya madini ya zinki inayoushika usifumuke. Bila zinki hiyo kidole hulegea kama uzi na hakiwezi kushika kitu. Vidole hivyo viligunduliwa mwaka 1985 huko Cambridge, Uingereza, na Aaron Klug, mwanasayansi aliyekulia Durban, Afrika Kusini, pamoja na wenzake. Walikuwa wakichunguza protini kutoka katika mayai ya chura wa Afrika. Baadaye ilionekana kwamba binadamu naye ana mamia ya jeni za namna hiyo.

Baadhi yake ndizo zinazosimamia kiwanda cha damu. Jeni iitwayo GATA1 ndiyo nyapara mkuu wa chembe nyekundu, na isipofanya kazi chembe hizo hazikomai. Jeni iitwayo IKZF1 husimamia chembe nyeupe zinazokumbuka magonjwa, na kuharibika kwake huonekana katika baadhi ya saratani za damu. Leo tutaitazama zaidi ya tatu, iitwayo BCL11A, kwa kuwa ndiyo inayohusika na watoto wetu wenye selimundu.

HIMOGLOBINI MBILI

Ndani ya chembe nyekundu kuna kitu chekundu kiitwacho himoglobini, ambacho ndicho hasa hubeba oksijeni. Kila mmoja wetu ametumia himoglobini za aina mbili maishani mwake. Tulipokuwa tumboni tulitumia himoglobini ya tumboni, ambayo hushika oksijeni kwa nguvu zaidi ili mtoto aweze kuivuta kutoka katika damu ya mama yake. Baada ya kuzaliwa, mwili huiacha hiyo polepole na kutengeneza himoglobini ya ukubwani.

Mtoto anapozaliwa, sehemu kubwa ya himoglobini yake bado ni ile ya tumboni. Miezi inavyopita inapungua, na mtoto anapotimiza mwaka mmoja hivi hubaki kidogo sana. Jeni yake haijapotea. Imezimwa tu, na aliyeizima ni nyapara yule, BCL11A.

SELIMUNDU HUINGIAJE?

Selimundu ni kosa dogo katika jeni ya himoglobini ya ukubwani. Ni herufi moja tu ya maagizo iliyobadilika. Kwa sababu ya herufi hiyo, himoglobini ikishaachia oksijeni hujipanga katika vijiti virefu na kuikunja chembe nyekundu, ikafanana na mundu wa kuvunia mpunga. Jina selimundu limetoka hapo. Chembe za namna hiyo ni ngumu, hunasa katika mishipa midogo na kuizuia damu isipite. Ndiyo maana mgonjwa hupata maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo. Tena chembe hizo hufa mapema, kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120. Ndiyo maana damu hupungua na macho huwa ya manjano.

Sasa unganisha habari hizi mbili. Kosa limo katika himoglobini ya ukubwani, wala halimo katika ile ya tumboni. Kwa hiyo mtoto mchanga analindwa kwa miezi kadhaa na himoglobini aliyotoka nayo tumboni. BCL11A inapofanya kazi yake ya kawaida na kuizima, ile yenye kosa hushika nafasi, na hapo ugonjwa hujitokeza. Daktari Janet Watson wa Marekani aliona jambo hili mwaka 1948, alipogundua kwamba damu ya watoto wachanga wenye selimundu haijikunji sana kama ya mama zao. Hakuna aliyemtazama mtoto vibaya. Damu yake imebadilika kama damu ya kila mtoto inavyobadilika.

KWA NINI WENGI HUKU KWETU?

Kila mtu hupokea jeni moja ya himoglobini ya ukubwani kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye jeni mbili nzima huandikwa AA. Mwenye moja nzima na moja yenye kosa huandikwa AS. Huyu kwa kawaida haumwi, na wengi huzeeka bila kujijua. Mwenye mbili zenye kosa huandikwa SS, na ndiye mgonjwa. Herufi hizi zisichanganywe na makundi ya damu ya A, B, AB na O tunayopimwa tukitaka kuchangia damu. Hicho ni kipimo kingine kabisa.

Kosa hili limeenea Afrika kwa sababu ya malaria. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza kutokana na uchunguzi wake Afrika Mashariki kwamba mtoto mwenye AS hupata kinga dhidi ya malaria kali. Basi vizazi kwa vizazi, palipo na mbu wengi, watoto wa AS walinusurika zaidi na kuirithisha jeni hiyo. Bonde letu, kutoka Zombo hadi Kilosa na Mikumi, ni nchi ya malaria, na hivyo si ajabu kuikuta jeni hii katika koo zetu.

Inakadiriwa kwamba nchini Tanzania huzaliwa kila mwaka watoto wapatao 11,000 wenye selimundu. Hiyo ni idadi kubwa hata katika hesabu ya dunia nzima. Inakadiriwa pia kwamba katika Afrika, pasipo na matibabu, nusu yao au zaidi hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na wengi hufa kabla ugonjwa haujatambuliwa.

WALICHOGUNDUA MUHIMBILI

Wazazi wenye watoto wawili wagonjwa huuliza: mbona huyu amelazwa mara kumi na mwenzake mara moja tu? Sababu ni nyingi, lakini iliyo kubwa mojawapo ni kwamba kwa watu wengine BCL11A haizimi kabisa. Himoglobini ya tumboni huendelea kutengenezwa kwa kiasi fulani, nayo huzuia vile vijiti visijipange. Kadiri inavyobaki nyingi, ndivyo mgonjwa anavyopata nafuu. Katika nchi za Ghuba ya Uarabuni na sehemu za India wapo wagonjwa wengi wenye himoglobini nyingi ya tumboni, na ugonjwa wao mara nyingi huwa mwepesi kuliko wa huku kwetu.

Mwaka 2004, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, madaktari na watafiti wakiongozwa na Profesa Julie Makani walianza kuwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu. Maelfu wameandikishwa, na kundi hilo ni kati ya makubwa kabisa duniani yanayofuatiliwa mahali pamoja. Mwaka 2007 na 2008 watafiti wa Ulaya na Marekani waligundua kwamba BCL11A inahusika na kiasi cha himoglobini ya tumboni, na watafiti wa Boston, akiwemo Stuart Orkin, wakaonyesha kwamba kweli ndiyo inayoizima. Watanzania wakauliza: je, ni hivyo kwa wagonjwa wetu? Mwaka 2011 Profesa Makani na wenzake, akiwemo Siana Nkya, walitoa matokeo ya wagonjwa wa Tanzania na Uingereza: naam, BCL11A inahusika hata kwetu. Mwaka 2014 yakafuata matokeo ya uchunguzi mpana zaidi, uliopitia jeni za Watanzania zaidi ya 1,000 wenye selimundu.

DAWA NA MATUMAINI

Ipo dawa ya kumeza iitwayo haidroksiyurea. Dawa hii huufanya mwili utengeneze tena himoglobini ya tumboni. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 katika miji ya Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vilipungua. Inatumika hapa Tanzania. Lakini si dawa ya kununua dukani kwa kukisia. Daktari hupima damu kwanza, huweka kipimo kwa uzito wa mtoto, na hurudia kupima. Mama mjamzito, au anayetarajia kupata mimba, amweleze daktari. Mgonjwa mmoja asimgawie mwingine.

Jambo jipya zaidi ni tiba inayomlenga nyapara mwenyewe. Seli shina za mgonjwa hutolewa, sehemu inayoiwasha BCL11A katika chembe nyekundu hukatwa, na seli hurudishwa mwilini. Nyapara akinyamaza, himoglobini ya tumboni hurudi. Tiba hiyo, iitwayo Casgevy, iliruhusiwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila kupata vipindi vya maumivu makali. Hata hivyo mgonjwa lazima kwanza apewe dawa kali za kuondoa uloto wake wa zamani, na bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Bei hiyo ni mbali mno na mifuko yetu. Kwa upande mwingine, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, wakipewa na ndugu anayelingana nao. Wanaofaa kwa tiba hiyo bado ni wachache.

Kwa hiyo asije mtu Zombo akauza chupa akisema ni dawa ya kuponya selimundu kwa siku saba.

JE, VIDONGE VYA ZINKI VINASAIDIA?

Wengine wakisikia jina zinki watakumbuka vile vidonge anavyopewa mtoto mwenye kuharisha pamoja na maji ya chumvichumvi. Vidonge hivyo ni vizuri kwa kuharisha, navyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Lakini havigusi kosa la selimundu. Zinki iliyomo katika vidole vya jeni ni kidogo mno, na BCL11A ya mgonjwa haina upungufu wake. Mlo wenye maharage, karanga, mbegu za maboga, samaki na nyama unatosha kwa watu wengi.

Vivyo hivyo kwa dawa za chuma za kuongeza damu. Damu ya mgonjwa wa selimundu hupungua hasa kwa sababu chembe hufa mapema. Asipewe chuma bila kupimwa. Vidonge vya foliki ndivyo hupewa mara nyingi.

FAMILIA IFANYE NINI?

1. Mpime mtoto mapema. Ikiwa baba na mama ni AS, au kuna ndugu mwenye selimundu, msingoje dalili. Waelezeni wahudumu kliniki. Anzeni na zahanati, nao watawaelekeza kunakopatikana kipimo, iwe Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, Hospitali ya Mtakatifu Kizito Mikumi, au Morogoro mjini.

2. Ulizeni ni kipimo gani. Kipimo cha zamani cha kuangalia kama damu inajikunja kinaweza kudanganya kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kwa sababu bado ana himoglobini nyingi ya tumboni. Akiambiwa hana, arudi kupimwa tena, au apimwe kwa kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini.

3. Mtoto akigundulika, apewe penisilini kila siku kama daktari atakavyoagiza, kwa kawaida hadi atimize miaka mitano. Chanjo zote zikamilike. Watoto hawa hufa upesi kwa homa za vichomi na za damu.

4. Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Kinga ya malaria ni ya mwenye AS. Mwenye SS akiugua malaria yuko katika hatari kubwa.

5. Anywe maji ya kutosha, hasa wakati wa jua kali, na asikae na nguo zilizolowa au kuoga maji ya baridi sana. Asichanjwe chale.

6. Asome kama wenzake. Mwalimu aelezwe, ili mtoto akichoka au akiomba maji asionekane mvivu.

Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo mkiona lolote kati ya haya: homa, weupe wa ghafla wa viganja na ulimi, tumbo kuvimba upande wa kushoto, ambako bandama hunasa damu, kupumua kwa shida au maumivu ya kifua, mkono au mguu mmoja kulegea, au mdomo kwenda upande, uume kusimama kwa muda mrefu na kuuma, au maumivu yasiyotulizwa na dawa za nyumbani. Mama afundishwe kliniki kuipapasa bandama ya mwanawe, ili aijue inapokuwa kubwa.

NENO KWA WACHUMBA

Wakati mzuri wa kujua hali yenu ni kabla ya ndoa, katika kipindi kile kile cha mafundisho. Kama mmoja ni AA, hakuna mtoto wenu atakayezaliwa SS kutokana na jeni hii. Kama wote wawili ni AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, mbili kati ya nne ya kuwa AS, na moja kati ya nne ya kuwa AA. Hesabu hii huanza upya kila mimba. Kwamba wa kwanza ameugua hakumaanishi watatu wanaofuata watakuwa wazima.

Hayo yajulikane ili watu waamue na kujiandaa wakiwa na ukweli mkononi, wala yasitumike kumwaibisha mtu. Na wazazi ambao tayari wana mtoto mgonjwa wakumbuke: mtoto mwenye SS amepokea jeni moja kutoka kila upande. Haiwezekani awe amepata ugonjwa kwa mama peke yake. Baba anayemrudisha mke kwao kwa sababu "ukoo wao una damu mbaya" anasahau kwamba nusu ya ugonjwa huo imetoka kwake.

Mtoto akipimwa mapema, akapata penisilini, chandarua, chanjo na, inapofaa, haidroksiyurea, anaweza kukua, kusoma na kuwa na familia yake. Kila tarehe 19 Juni dunia huadhimisha Siku ya Selimundu. Tusiingoje siku hiyo. Ikiwa kuna mtoto katika jumuiya yenu anayeongezewa damu mara kwa mara, au aliyevimba viganja na nyayo kabla ya kutimiza mwaka, washaurini wazazi wake wampeleke kupimwa wiki hii.